Maji Yanayopumua: Mabirika na Vidimbwi vya Pwani Yetu

Msafiri ashukaye gatini Lamu na kupanda vichochoro vya mtaa wa Mkomani hukutana kwanza na milango, kisha na kuta. Milango hutangaza ustadi wa seremala. Kuta nene za mawe ya matumbawe huficha maisha ya ndani. Mji huu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, haukujengwa ili utazamwe kutoka nje. Sura yake halisi imo ndani: katika daka, katika kiwanda kilicho wazi juu, katika vidaka vya plasta, na katika kitu kimoja ambacho wageni wengi hukipita bila kukitupia jicho la pili, nacho ni birika la maji.

Katika nyumba moja ya kale ya karne ya 18, ambayo leo ni makumbusho, mgeni huonyeshwa chumba cha kuogea. Pembeni mwake pana birika la mawe na chokaa, na katika sakafu ya birika hilo huonekana bakuli la kaure lililopachikwa na fundi. Wazee wetu waliweka humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Maji yalipotekwa hata yakakaribia kwisha, samaki walibaki na kimbilio katika bakuli mpaka birika lijazwe tena. Hapakuwa na dawa ya kunyunyiza, wala wavu dirishani. Palikuwa na samaki, kivuli na maji.

Swali ambalo wageni hawaliulizi ni hili: samaki hao walipumua vipi? Birika halikuwa na mashine. Lilikuwa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, maji yake yametulia, na hapana upepo wa kuyatikisa. Kwa hesabu ya haraka wangepaswa kufa. Waliishi, na sababu za kuishi kwao ni somo kwa kila nyumba ya pwani iliyo na kidimbwi cha samaki wa mapambo, au inayofikiria kuwa nacho.

Sababu ya kwanza ni kwamba walikuwa wachache na wadogo. Ya pili ni kivuli: maji yaliyo baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji yaliyopashwa na jua. Ya tatu ni kwamba hawakulishwa kwa mikono ya watoto kutwa kucha. Chakula chao kikubwa kilikuwa viluwiluwi, na kwa hivyo hapakuwa na makombo ya kuoza chini. Ya nne, na pengine iliyo kubwa kuliko zote, ni kwamba maji ya birika hayakukaa bure. Yalitekwa kwa kata kila siku, yakapungua, kisha yakamiminwa mapya kutoka kisimani. Kila ndoo iliyomiminwa kutoka juu iliyapiga maji na kuyachanganya na hewa. Wenye nyumba walidhani wanajaza birika kwa ajili ya kuoga na kutawadha. Kumbe walikuwa pia wakiwapa samaki pumzi ya siku hiyo.

Ndugu msomaji, ni vyema tufahamu udogo wa riziki hiyo ya hewa. Katika hewa tunayoivuta, karibu sehemu 21 kati ya 100 ni oksijeni. Maji ni bahili mno kuliko hewa. Lita moja ya maji matamu yenye joto la nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi karibu miligramu 7.5. Maji ya bahari hushika pungufu zaidi, kwa kadiri ya sehemu moja katika tano. Na oksijeni ikishaingia majini husafiri polepole mno: katika maji yaliyotulia kabisa, huenea kwa kasi iliyo ndogo kama mara 10,000 kuliko inavyoenea hewani. Ndiyo maana maji ya juu yaweza kuwa na hewa ya kutosha ilhali yale ya chini, shubiri chache tu, yamekufa ganzi. Maji yasiyozungushwa ni kama mji wenye chakula sokoni na usio na wachukuzi.

Kutoka hapo huzaliwa kanuni ambayo mafundi wengi wa vidimbwi huisahau. Hewa huingia majini kupitia uso wa maji, si kupitia kina chake. Kidimbwi kipana chenye kina cha wastani hupumua vizuri kuliko mtungi mrefu mwembamba wenye maji kiasi kilekile. Mtu akijivunia kwamba shimo lake lina kina cha mita mbili, ilhali mdomo wake ni mwembamba kama wa kisima, amewajengea samaki gereza zuri.

Katika ziara hiyo ya Lamu nilipokewa na nyumba moja ambayo ndani ya kiwanda chake pana kidimbwi. Kilichimbwa na babu wa nyumba hiyo, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mjane wake ndiye akitunzaye. Kina urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na nusu, na kina cha sentimita 60. Yaani takriban lita 1,800 za maji. Ndani yake mlikuwa na samaki wa dhahabu wapatao arobaini. Asili yao haikuwa moja: kila Idi wajukuu wakaao Mombasa huja na mfuko wa plastiki wenye samaki wawili watatu kuwa zawadi ya bibi yao, na bibi hakatai zawadi. Juu ya maji palitanda majani ya yungiyungi, mazuri kwa macho, yaliyoufunika uso karibu wote.

Juma lile samaki walikuwa wakifa. Kila asubuhi walipatikana wawili au watatu wakielea, na waliotangulia kufa walikuwa wale wakubwa zaidi. Mjukuu wa kiume, kijana mwenye akili na haraka, alikwisha kuzungumza na mwashi ili kidimbwi kijazwe kifusi na kupigwa sakafu ya saruji. Alikuwa na hoja zake: harufu, gharama ya dawa alizonunua bila mafanikio, na mbu wanaoweza kuzaliana samaki wakiisha. Bibi hakubishana naye. Alisema tu, “Babu yako alikichimba kwa mikono yake, mwanangu. Nikifukia, nitakaa wapi jioni?”

Siku ya pili, baada ya sala ya Alfajiri, mzee mmoja jirani aliyewahi kulihudumia birika la msikiti wa mtaa aliingia nasi. Hakuleta dawa. Aliinama, akatazama kabla jua halijachomoza. Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wakivuta utando wa maji. Mzee akaomba kata. Akateka maji, akainua mkono juu ya kichwa, akayamimina. Akateka tena, akamimina. Hazikupita dakika nyingi samaki wakaanza kukusanyika pale maji yalipoangukia, kama watoto wazungukao sinia.

“Samaki hawa hawana ugonjwa,” akamwambia kijana. “Wana kiu ya hewa.”

Hesabu inamuunga mkono. Lita 1,800 za maji ya joto la pwani, hata yakiwa yameshiba hewa kabisa, hayana zaidi ya gramu 14 za oksijeni: uzito wa karibu kijiko kimoja cha chakula cha sukari. Hiyo ndiyo akiba ya kidimbwi kizima. Samaki arobaini huila, na hawaili peke yao. Bakteria wanaoozesha makombo na kinyesi huila pia. Mimea nayo, ambayo mchana hutoa oksijeni kwa msaada wa jua, ifikapo usiku huacha kutoa na kuanza kula kama wengine. Hivyo akiba hupanda mchana, hufikia kilele alasiri, kisha hushuka usiku kucha hadi ikawa haba kuliko wakati wowote pale kunapopambazuka. Mwenye kidimbwi akitazamaye saa nane mchana huona samaki wachangamfu na maji maangavu, akajiambia mambo ni salama. Atazame Alfajiri ndipo atajua ukweli.

Hapo familia ya Kiislamu imepewa nafasi ambayo wengi hawana. Sisi tumekwisha kuamka saa ile. Mtu arudipo kutoka msikitini, au mama amalizapo nyiradi zake, dakika moja ya kutazama maji inatosha. Samaki wakiwa chini au katikati, wakiogelea kwa utulivu, mambo ni mema. Wakiwa juu wakihema, matamvua yao yakienda mbio, au wakisongamana penye mfereji wa maji, hiyo ni ishara ya dhiki. Na kama wakubwa ndio wanaokufa kwanza ilhali wadogo wanabaki, mshuku hewa kabla hujashuku maradhi, kwani mwili mkubwa ndio wenye haja kubwa. Dawa ikitiwa bila kujua huongeza balaa: dawa ya kuua ukoga, kwa mfano, huuacha ukoga uliokufa uoze majini, na uozo huo hula hewa iliyokuwa imebaki.

Mzee alitoa masharti manne. Majani ya yungiyungi yapunguzwe mpaka nusu ya uso wa maji ionekane mbingu. Chakula kisitolewe baada ya Alasiri, na kitolewe kile tu kinachoisha katika dakika chache. Pampu ndogo iwekwe, na mdomo wa bomba lake uinuliwe shubiri moja juu ya maji ili maji yaanguke na kupasuka, si kutiririka kimyakimya chini ya uso. Sharti la nne lilikuwa zito: samaki nusu wagawiwe majirani wenye nafasi.

Bibi alisita. Kila samaki alikuwa na jina la mjukuu aliyemleta. Kijana naye akaona mwanya, akasema kwamba pampu haina maana katika mji ambao umeme hukatika usiku. Mzee akamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kugawa. “Usihesabu samaki kwa siku yenye umeme,” alisema. “Hesabu kwa usiku usio na umeme. Wale watakaoweza kulala usiku huo wakaamka wazima, hao ndio haki ya kidimbwi chako.” Sijasikia kanuni ya ufugaji wa samaki wa mapambo iliyo bora kuliko hiyo. Bibi aliwaita watoto wa majirani jioni ile ile, wakaja na ndoo. Mwashi aliambiwa asije.

Nikiwa njiani kurudi kusini, nilisimama Gede, karibu na Watamu. Katika magofu ya mji huo ulioachwa katika karne ya 17, msikiti mkuu bado unaonyesha kisima, mfereji na birika la kutawadhia. Miongoni mwa sababu ambazo wataalamu wamezitaja za kuhamwa kwa mji huo ni kushuka kwa maji ya visima. Mtu akisimama hapo huelewa kwamba ustaarabu wetu wa pwani ulijengwa juu ya maji ya chini ya ardhi, na kwamba maji hayo yana tabia yake. Maji yatokayo ardhini, iwe ni kisima cha kale au kisima cha kuchimbwa kwa mashine, aghalabu huwa na oksijeni chache kwa kuwa hayajakutana na hewa kwa muda mrefu. Yakitiwa moja kwa moja kidimbwini kwa bomba lililozama, hayawasaidii samaki wanaohema. Yaweza hata kuwadhuru. Yakianguka kutoka juu, yakapita juu ya mawe au jiwe lenye ngazi, huvuta hewa njiani. Mfereji wa wazi kati ya kisima na birika haukuwa pambo tu.

Maji ya mfereji wa manispaa yana jambo jingine: klorini, ambayo hubabua matamvua ya samaki. Yaachwe katika chombo kipana kwa siku moja au mbili, yakitikiswa, kabla ya kutiwa; na yatiwe kidogo kidogo. Ijulikane pia kwamba zipo aina za dawa ya maji ambazo hazitoki kwa kuachwa hivyo, na huhitaji dawa maalumu ya kuziondoa inayouzwa na wauza samaki wa mapambo.

Kituo cha mwisho kilikuwa Bamburi, nje kidogo ya Mombasa. Hapo palikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, ardhi nyeupe iliyounguzwa na jua, yenye chumvi na isiyo na udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kazi ya kuirudishia uhai. Alipanda mivinje iliyoweza kustahimili. Majani yake makavu yalipokataa kuoza, akaleta jongoo wa kuyasaga yawe udongo. Leo bustani hiyo hujulikana kwa jina lake, na familia nyingi za Mombasa zimewapeleka watoto wao huko kuona viboko, kobe na madimbwi ya samaki chini ya miti.

Ukitazama kwa makini, utaona kanuni za birika la Lamu zikirudiwa kwa kipimo kikubwa. Miti huyatia maji kivuli. Kinyesi cha samaki si uchafu wa kutupwa bali ni mbolea ya mimea. Hakuna kitu kinachobaki mahali kikaoza bila mwenye kukihitaji. Nyumbani hatuwezi kupanda msitu, lakini mkunazi mmoja au turubai la makuti upande wa magharibi huweza kulikinga jua kali la alasiri, na changarawe iliyopandwa mimea kando ya kidimbwi yaweza kuyachuja maji kabla hayajarudi. Angalizo ni moja: majani makavu yanayoanguka majini yaokotwe kila siku, maana kila jani linalooza lina deni la hewa.

Kwa wale wanaoanza, uchaguzi wa samaki nao ni sehemu ya hekima. Samaki wa dhahabu ni wa ukoo wa samaki wa maji baridi kutoka China, walikofugwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Huweza kuishi kwetu, lakini joto huwapandishia haja ya hewa wakati huohuo linapoipunguza majini. Samaki wadogo wa nchi za joto, wale wenye midomo iliyoelekea juu, huvuta maji ya usoni ambayo ndiyo yenye hewa nyingi, na huvumilia zaidi. Tena hula viluwiluwi kwa bidii. Kambare ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa ya juu, kwa hivyo asiwe kipimo chako: kuishi kwa kambare hakuthibitishi kwamba maji ni mazima.

Na kuhusu mashine, machache yatosha. Mapovu ya pampu ya hewa hufanya kazi kubwa zaidi kwa kuyainua maji ya chini na kuutikisa uso kuliko kwa kuyeyuka yenyewe; basi jiwe la mapovu liwekwe karibu na chini, lisichimbe tope. Pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, ama sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwa mrija na kuiharibu. Ifanye kazi usiku kuliko mchana, ikiwa ni lazima kuchagua. Atakayetumia nguvu za jua akumbuke betri, kwa sababu pampu ya jua isiyo na betri hulala saa ileile samaki wanapoihitaji. Umeme ukikatika usiku, kata na mkono vinatosha: teka, inua, mimina, kwa dakika kadhaa, kisha rudia.

Jambo hili lina uzito kuliko pambo la ua. Tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Tumefundishwa pia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomliwaza mtoto Abu Umayr aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea, hakumlaumu kwa kumweka. Wanavyuoni wamechukua kutoka hapo kwamba kumfuga kiumbe kwa wema kunaruhusiwa, na kumfungia katika dhiki ni dhuluma. Samaki wa kidimbwini hawezi kubisha mlango wala kulia. Hewa yake yote imo katika mipaka tuliyomchorea sisi. Anayemnunulia mtoto samaki amnunulie pia jukumu hilo, na amfundishe kuhesabu kabla ya kuongeza.

Basi kesho Alfajiri, mwenye kidimbwi asipitilize kitandani. Asimame ukingoni kabla ya mwanga kuenea na atazame samaki wako wapi. Wakiwa juu wakihema, ateke maji kwanza, ainue mkono, amimine. Sababu ataitafuta kukishakucha.

Wabillahi tawfiq.